Bendi Iliyowapita Waasisi Wake

Majira ya kiangazi yanapoingia Uingereza, na jua la nchi ile, ambalo kwa tabia yake ni bahili, linapokubali kukaa angani hata baada ya saa tatu za usiku, miji midogo ambayo katika miezi mingine haitajwi ila kwa kanisa lake la kale na soko lake la kila juma hugeuka kuwa maskani ya muziki kwa siku mbili tatu, wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Colne, mji wa Lancashire uliojengwa na pamba kisha ukaachwa na pamba, ulianzisha mwaka 1990 tamasha la rithimu na bluzi la mwisho wa Agosti, lililojaza ukumbi wa manispaa na mabaa yaliyo jirani nao. Upton-upon-Severn, katika Worcestershire, mji ambao mto umezoea kuuingilia majumbani, huwakaribisha wapenzi wa bluzi kila Julai bila ya kuwatoza kiingilio. Na hata Januari, Bahari ya Kaskazini ikiwa haimtamanishi mtu kuitazama sembuse kuiogelea, kambi ya mapumziko ya Butlin's huko Skegness, ambayo Billy Butlin aliifungua mwaka 1936 ili wafanyakazi wa viwandani wapate juma moja la upepo wa pwani, imekuwa ikipokea umati wa watu wa makamo waliovaa makoti mazito, ambao hawakufuata upepo bali magita ya umeme.

Huu ndio mzunguko ambao bendi za bluzi na roki za Uingereza huufuata mwaka hadi mwaka, na katika mabango yake jina moja limedumu kupita ada ya majina: Dr. Feelgood. Bendi hiyo iliasisiwa mwaka 1971 na vijana wanne. Wote wanne wametoka, mmoja kwa ugomvi, wawili kwa kuchoshwa na safari, na wa nne kwa mauti yaliyomkuta akiwa bado kazini. Walakini jina lipo, nyimbo zipo, na tiketi zinauzwa. Wako watu, nao si wajinga, wanaosema kwamba jambo hili ni ghushi, kwamba bendi bila ya waasisi wake ni duka lililobadilisha mwenyewe likaacha kibao kilekile mlangoni. Rai ya makala haya ni kinyume cha hiyo, ingawa si kinyume kabisa, na ili ieleweke hatuna budi kuanza mbali, penye matope.

Canvey, ilikotoka bendi hiyo, ni kisiwa cha kaunti ya Essex, katika mlango wa mto Thames, mwendo usio mrefu mashariki ya London. Kusema ni kisiwa ni kukipa heshima, maana kinatengwa na bara kwa vijito tu ambavyo maji yakipwa hubakia tope. Na sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya kina cha maji makuu ya bamvua. Waholanzi ndio waliokizungushia kuta za udongo katika karne ya kumi na saba wakakifanya kikalike, na nyumba zao mbili za pembe nane ziko hata leo. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba iliisukuma Bahari ya Kaskazini ikapanda juu ya kuta hizo watu wakiwa wamelala, na karibu watu 60 wa kisiwa kile wakafa kwa maji na baridi kabla ya kupambazuka. Miongoni mwa watoto waliookoka alikuwamo mmoja wa miaka mitano, jina lake John Wilkinson, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina alilolipindua mwenyewe: Wilko Johnson.

Baada ya gharika yalikuja mafuta. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na viwanda vya kusafishia mafuta ambavyo miali ya mabomba yake iliwaka usiku kucha, na kisiwani kwenyewe matangi ya chuma yalisimama karibu na vibanda vya watu wa London waliokuja kupunga hewa. Mwezi wa Februari 1959 meli iitwayo Methane Pioneer ilitia nanga Canvey ikiwa na shehena ya kwanza duniani ya gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika na kuvushwa bahari kuu. Na bandari ilikotoka ilikuwa Lake Charles, katika jimbo la Louisiana. Sijui kama vijana wa Canvey walilitafakari jambo hilo, lakini ni vigumu kutolitafakari: kutoka kusini kulekule mwa Marekani ambako Waafrika waliotumikishwa mashambani na wajukuu wao waliitoa bluzi katika dhiki yao, ilikuja gesi ya kuwashia majiko ya Waingereza, na sahani za santuri zikaja kwa njia nyingine kuwashia watoto wao kitu kingine. Vijana wale waliita mahali pao, kwa mzaha uliokuwa na nusu ya ukweli, Delta ya Thames, wakijilinganisha na Delta ya Mississippi. Na kwa mtu aliyekua kati ya maji ya tope, miali ya gesi na hofu ya mafuriko, mzaha huo haukuwa wa kipuuzi kama unavyosikika.

Wilko, mpiga gita wa bendi na mmoja wa wale waasisi wanne, alikuwa amesoma fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Newcastle, akafika hadi kusoma hekaya za kale za Iceland katika lugha yake ya asili, kisha akasafiri kwa njia ya nchi kavu hadi India, akarudi nyumbani akawa mwalimu wa shule. Mwimbaji alikuwa Lee Brilleaux, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Lee Collinson, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1952, aliyeletwa Canvey angali mdogo. Naye alikuwa karani katika ofisi ya mawakili. Besi lilipigwa na John B. Sparks, na drams na John Martin, mtu mwenye mwili wa kutosha hata akaitwa The Big Figure bila ya mtu kuuliza kwa nini. Jina la bendi lenyewe halikuwa lao. Mwaka 1962 mpiga piano wa Georgia, Willie Perryman, aliyejulikana kama Piano Red, alitoa santuri kwa jina la Dr. Feelgood, Johnny Kidd na kundi lake la Pirates wakaurudia wimbo huo Uingereza, na wana wa Canvey wakalichukua jina kwa Kidd, ambaye mpiga gita wake, Mick Green, ndiye aliyekuwa imamu wa Wilko. Basi tangu siku ya kwanza bendi hii ilivaa joho la mtu mwingine, na jambo hilo tutalihitaji mbele.

Hadhira yao kubwa ya kwanza ilikuwa Wembley, tarehe 5 Agosti 1972, katika tamasha la wakongwe wa rokenroli ambamo walikuwamo Chuck Berry, Little Richard, Bill Haley na Jerry Lee Lewis. Wao walipanda jukwaani si kwa jina lao bali kumsindikiza mwimbaji Heinz. Baada ya hapo walirudi kwenye harusi na vilabu vya Essex, na ikapita muda hata mabaa ya London yakawafungulia milango.

Hapa hatuna budi kukaa kidogo, kwani sifa yote ya Dr. Feelgood, ya jana na ya leo, imesimama juu ya namna ya kupiga. Msomaji anayejua bendi zetu za dansi anajua kwamba kazi ya magita hugawanywa: mmoja hupiga rithimu, akaushika wimbo usipotee, na mwingine hupiga solo, akautembeza atakako. Wilko alizifanya kazi hizo mbili kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja. Hakutumia kile kipande cha plastiki ambacho wapigaji wengi hukishika kwa vidole viwili. Alizipiga nyuzi za Telecaster yake nyeusi yenye bamba jekundu kwa vidole vitupu, juu na chini, kwa nguvu na kwa mkato, akiinyamazisha kila sauti mara tu inapozaliwa, hata nyimbo zikawa zimejaa matundu ya kimya ambayo besi na drams ziliyaingia. Na alipokuwa akipiga hakusimama: alikwenda mbele na kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, macho yamemtoka, shingo imekakamaa, gita amelielekeza kwa watazamaji kama askari aliyeshika bunduki.

Brilleaux alikuwa kinyume chake na nusu yake. Alisimama penye maikrofoni kwa suti nyeupe ambayo kwa kila onyesho ilizidi kuwa si nyeupe, jasho likimtiririka, ngumi ikipiga hewa, harmonika mkononi, na sauti yake ya kukwaruza, iliyojifunza kwa Howlin' Wolf bila ya kujifanya kwamba imezaliwa Mississippi, ilitoka kama ya mtu anayedai haki yake dirishani kwa karani mkaidi. Hawakuangaliana sana. Mmoja alikuwa mashine na mwingine alikuwa hasira, na kati yao Sparks na The Big Figure walitembea kwa mwendo wa shwari ambao bila ya huo wawili wale wangelikuwa vichekesho.

Ili kujua kwa nini jambo hili liliwashitua watu, lazima ukumbuke roki ya Uingereza ilikuwaje wakati huo. Wanamuziki mashuhuri walikuwa wamehamia katika viwanja vikubwa, wakivaa majoho ya hariri, wakipiga nyimbo za dakika ishirini juu ya majini na nyota, wakizungukwa na vinanda vya umeme vyenye swichi zisizohesabika. Vijana wanne wenye nywele fupi na suti za dukani waliokuja katika baa ya Islington au ya Kentish Town wakapiga nyimbo za dakika tatu, zisizo na hata noti moja ya ziada, walionekana si kama watu wa kale bali kama watu wa kesho. Mwezi wa Januari 1975 walitoa albamu yao ya kwanza, Down by the Jetty, chini ya usimamizi wa Vic Maile, ikachanganywa kwa sauti ya mkondo mmoja wakati dunia nzima ilikuwa imekwisha hamia kwenye mikondo miwili. Oktoba mwaka uliofuata albamu yao ya tatu, Stupidity, iliyorekodiwa mbele ya watu Sheffield na Southend, ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Uingereza. Kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kuliko zote walizozifanya, kwa kuwa bendi hii haikuwa ya studio kamwe; ilihitaji uso wa mtu wa kuukaripia.

Athari yao ilikwenda mbali kuliko mauzo yao. Joe Strummer, ambaye baadaye aliiongoza The Clash, alinunua Telecaster baada ya kumwona Wilko. Paul Weller wa The Jam hakuficha kamwe deni lake. Na ile kampuni ya Stiff, iliyokuwa mlango wa vijana wengi wa mapinduzi ya punk, ilianzishwa mwaka 1976 kwa mkopo wa pauni 400 uliotoka mfukoni mwa Lee Brilleaux. Wale waliokuja kuwazika wazee wa roki walikuwa wamekopa sululu kwa Canvey.

Kisha, mwaka 1977, wakati albamu ya nne inarekodiwa huko Wales, Wilko akaondoka. Alisema mwenyewe kwamba alifukuzwa. Wenzake walisema kwamba alijitoa. Na kisa cha karibu kilikuwa wimbo mmoja wa mtu wa nje ambao wao waliutaka katika albamu na yeye hakuutaka. Kisa cha mbali ni kile cha kawaida, kwamba watu wanne waliopakiwa katika gari moja kwa miaka sita, mmoja wao akiwa ndiye mtunzi na amekesha akitunga ilhali wenziwe wako baa, huishia ama kuwa ndugu ama kutosemeshana.

Hesabu hiyo ya miaka ndiyo ninayoomba msomaji aishike. Ile Dr. Feelgood inayotajwa kuwa ndiyo ya asili, ile ya waasisi wanne pamoja, ilidumu kuanzia 1971 hadi 1977, yaani miaka sita. Mahali pa Wilko aliingia John Mayo, aliyeitwa Gypie, mpiga gita laini zaidi, ambaye pamoja na Nick Lowe alitunga Milk and Alcohol, wimbo ulioingia katika kumi bora mwaka 1979. Mayo naye akatoka mwaka 1981. Mwaka uliofuata wakatoka Sparks na The Big Figure. Na Brilleaux, akiwa amebaki peke yake na jina, aliliunda kundi upya. Mwaka 1983 aliwachukua Gordon Russell kwa gita, Phil Mitchell kwa besi na Kevin Morris kwa drams, na mwaka 1989 Steve Walwyn akapokea gita kwa Russell. Siku za kuvuma zilikuwa zimepita. Kilichobaki kilikuwa kazi: usiku baada ya usiku, Uingereza, Ufaransa, Uhispania, Skandinavia, katika kumbi ambazo watu 300 walizijaza, na Brilleaux akiwa na jaketi yake na ngumi yake kama kwamba ni Wembley. Wasifu wake ulioandikwa na Zoë Howe unamwita muungwana wa rokenroli, na sidhani kwamba ametia chumvi.

Saratani ilimkuta angali kijana. Januari 1994, akiwa amekwisha dhoofika kiasi cha kulazimika kuketi, aliimba kwa mara ya mwisho Canvey, katika baa iliyopewa jina la bendi yake, na onyesho lile likarekodiwa likawa albamu. Tarehe 7 Aprili mwaka uleule akafariki dunia, umri wake miaka 41. Alikuwa ameacha wasia kwamba bendi iendelee.

Wasia wa marehemu ni mzigo, na si kila wasia unaofaa kutekelezwa. Wenzake walikaa kimya kwa muda, kisha mwaka 1995 wakarudi jukwaani na mwimbaji Pete Gage, na tangu mwaka 1999 mwimbaji akawa Robert Kane, mtu wa kaskazini mashariki ya Uingereza aliyekuwa ameimba na kundi lililozaliwa na mabaki ya The Animals. Hapa ndipo hoja ya ghushi huletwa, na hapa ndipo ninapoona kwamba inapungukiwa na hesabu. Steve Walwyn alishika gita la Dr. Feelgood kuanzia 1989 hadi 2021, miaka 32, dhidi ya sita ya Wilko. Kevin Morris alikaa nyuma ya ngoma zake tangu 1983, na Phil Mitchell hali kadhalika, ukiondoa miaka michache aliyokuwa nje katika muongo wa tisini. Kufikia mwaka 2022 Kane alikuwa ametimiza miaka 23, ambayo ndiyo miaka yote ya Brilleaux kuanzia 1971 hadi kufa kwake. Mtu anayesema kwamba hawa ni wapangaji katika nyumba ya wengine inambidi atueleze ni mpangaji gani anayekaa mara tano ya muda wa mwenye nyumba, akaezeka paa, akalipa madeni, na kuupokea ufunguo kwa mkono wa mwenyewe.

Tena bluzi si fani ya kuulizia hati ya umiliki. Jina lilitoka kwa Piano Red likapitia kwa Johnny Kidd. Mkono wa kulia wa Wilko ulitoka kwa Mick Green. Koo la Brilleaux lilipata somo lake kwa Howlin' Wolf, ambaye naye alifundwa na Charley Patton katika mashamba ya pamba ya Mississippi. Kila mmoja katika silsila hiyo aliichukua kazi ya aliyemtangulia, akaitia jasho lake, akaikabidhi. Kama ni haramu kwa Kane kuimba nyimbo za Brilleaux, basi na Brilleaux mwenyewe hana pa kukimbilia.

Tazama sasa kazi yenyewe inavyofanywa katika tamasha, kwani hapo ndipo bendi hupimwa. Jukwaa moja hupokea bendi nne au tano kwa siku. Kila moja hupewa muda wake, wa saa moja au unusu, na kati ya bendi mbili kuna nusu saa ya kuondoa vyombo vya hawa na kuweka vya wale, ambamo mafundi hukimbia wakiburura nyaya, na wasaa wa kupima sauti haupo ila kupiga kila chombo mara moja na kuomba Mungu. Watazamaji si wako. Wamekuja kusikiliza wengi, wengine wamekaa kwenye viti vya kukunja walivyokuja navyo, wengine wako kwenye foleni ya bia, na mvua, ambayo katika tamasha la Kiingereza ni mgeni asiyekosa, inaweza kuingia wakati wowote. Bendi ya vijana, iliyozoea kujenga moto wake polepole, mara nyingi hujikuta muda umekwisha kabla ya kuni kushika.

Hili ndilo ambalo bendi kongwe ya baa inalijua kuliko wote. Mtindo wa Dr. Feelgood ulibuniwa kwa chumba kidogo, kwa watu waliosimama na gilasi mkononi wakiwa tayari kugeuza kisogo. Nyimbo ni fupi, mianzo ni ya ghafla, kati ya wimbo na wimbo hakuna hotuba, na gita halihitaji dakika saba ili kueleza shida yake. Ukiuhamishia mtindo huo katika uwanja wenye matope saa kumi za jioni, unafanya kazi ileile. Wanamuziki wengi wa bluzi-roki wa leo wana vidole vyepesi kuliko Wilko alivyokuwa navyo, na baadhi yao, nakiri kwamba nachoshwa nao, huutembeza wepesi huo mbele ya watu kama tajiri anayehesabu fedha hadharani. Wazee wa Canvey, na warithi wao, walijua kwamba wimbo ni wa msikilizaji, na kwamba mpigaji ana haki ya kuukalia muda mfupi tu.

Onyesho likiisha, kazi haijaisha. Kando ya jukwaa kuna meza ya fulana na santuri, na kwa bendi nyingi za mzunguko huu meza ile si pambo, bali ndiyo nauli ya kurudi nyumbani. Wanamuziki husimama nyuma yake, taulo shingoni, wakitia saini na kusikiliza hadithi za watu waliomwona Brilleaux mwaka 1976. Nadhani hiyo ni sehemu ngumu kuliko zote za kazi ya Kane: kuambiwa kwa upole, mwaka baada ya mwaka, jinsi mwingine alivyokuwa. Yeye hakujaribu kumuiga marehemu. Hakuvaa suti chafu, hakuazima ngumi. Aliimba kwa koo lake la kaskazini, na kwa uamuzi huo peke yake alistahili heshima.

Wakati huo huo Wilko alikuwa na mzunguko wake mwenyewe, na bendi yake mwenyewe, na mwisho wake ulikuwa wa ajabu kuliko hadithi. Filamu ya Julien Temple ya mwaka 2009, Oil City Confidential, ilikuwa imewarudisha wote katika midomo ya watu, na waliotengeneza Game of Thrones walimpa Wilko uhusika wa mnyongaji bubu, kwa yale macho. Januari 2013 aliambiwa kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba hatavuka mwaka. Alikataa dawa, akatangaza ziara ya kuaga, akaenda kupiga na Roger Daltrey wa The Who albamu ambayo kila mtu aliamini ni ya mwisho. Ndipo mpenzi mmoja wa muziki wake, ambaye alikuwa mpiga picha na pia daktari wa upasuaji, alipotilia shaka kwamba mtu anayekufa kwa ugonjwa ule anaweza kuruka vile jukwaani. Akapelekwa hospitali ya Addenbrooke's, Cambridge, na Aprili 2014 ukatolewa uvimbe wa kilo tatu. Aliishi miaka minane zaidi, akipiga gita, na akafariki tarehe 21 Novemba 2022 akiwa na miaka 75. Hakurudi kamwe katika Dr. Feelgood, wala Dr. Feelgood haikuacha kupiga nyimbo zake, na hilo nalo ni aina ya mazungumzo kati ya watu walioachana.

Nilisema awali kwamba rai yangu si kinyume kabisa cha wanaolaumu, na ni haki sasa nieleze kiasi cha kukubali kwangu. Bendi ikiishi kwa kurudia tu, hata warithi wake wawe halali kiasi gani, huwa mlinzi wa makumbusho. Na kwa miaka mingi Dr. Feelgood ilikuwa karibu na hatari hiyo, kwa kuwa baada ya Wilko haikupata tena mtunzi wa kipimo chake, na orodha ya nyimbo za usiku ilibaki, kwa sehemu iliyo kubwa, ileile ya kabla ya 1980. Mwaka 2021 Walwyn aliaga, na gita likarudi kwa Gordon Russell, yule wa 1983. Mwaka uliofuata yeye na Kane, pamoja na Mitchell na Morris, wakatoa Damn Right!, albamu ya nyimbo walizozitunga wenyewe. Si Stupidity. Lakini ni muziki wa watu wanaozungumza kwa niaba yao, na ndani yake mkato wa rithimu wa Canvey umebaki bila ya kumwigiza yeyote, na nyimbo zake mbili tatu zilizotiwa katikati ya zile za zamani mbele ya hadhira ya tamasha hazihitaji kuombewa radhi.

Hata hivyo, watatu kati ya hao wanne, Russell, Mitchell na Morris, walipiga pamoja na Brilleaux na kulala naye katika magari, na hoja yangu yote ya ufunguo uliopokewa kwa mkono wa mwenyewe imesimama juu ya miili yao. Utafika msimu ambao jina Dr. Feelgood litapakwa katika bango na jukwaani asiwepo hata mmoja aliyemshika mkono. Wakati huo wenye kulaumu watakuwa na hoja nzito kuliko waliyo nayo leo, na watakaoitetea bendi itawabidi waje na nyimbo mpya, tena nyingi.